Miezi sita ya likizo yenye mshahara na orodha ya vitu 14

Nianze na hiyo orodha maana ndo chanzo cha yote. Dada mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja, mhasibu, yuko kwenye ofisi yake mwaka wa kumi na moja sasa, alinitumia usiku picha ya karatasi imejaa mwandiko wake pande zote mbili na chini kaandika "nimepewa! niambie nimesahau nini". Alichopewa ni sabatiko, miezi sita, haendi kazini na mshahara unaingia. Kwenye karatasi kulikuwa na vitu 14: masters, Kifaransa, kukaa na baba yake, kutembea nchi tano, mazoezi kila siku, kusoma vitabu 30, kabiashara kadogo, kupanga picha za miaka yote, kupaka nyumba rangi, kozi ya kuchambua data, kuandika kitabu, kuogelea, gitaa (gitaa lenyewe alishanunua, lipo ukutani) na cha mwisho kabisa kwa herufi za kujibana pembeni, "kupumzika".

Sikumwambia kasahau nini. Nilimuuliza barua ya HR ameisoma mpaka mwisho? Akasema ameona neno "imekubaliwa" akafunga. Basi tukaanzia hapo, na naomba yeyote aliyepewa likizo ya namna hii aanzie hapo pia kabla hajagusa kalamu.

Barua ilikuwa na kurasa mbili na ndani yake mambo manne yaliyobadilisha plani yote. Mshahara anaoendelea kupata ni ule wa msingi tu, posho ya madaraka na ya usafiri zinasimama, kwahiyo yale "malipo kamili" aliyoyaimba wiki nzima yalikuwa karibu robo pungufu ya kile alichozoea kukiona benki mwisho wa mwezi. Halafu haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa kwingine wala kuendesha biashara bila kibali cha maandishi, kabiashara kadogo kakafa palepale. Akirudi lazima atumikie miezi 12, akiondoka kabla anarudisha mshahara wa likizo kulingana na miezi iliyobaki. Na siku za likizo ya kawaida hazijikusanyi kwa muda huo wote. Masharti yanatofautiana ofisi na ofisi, wengine wanakupa na posho, wengine hawakufungi kurudi, ila hayo maeneo manne ndo ya kuangalia kwanza, pamoja na bima ya afya kama inaendelea (yake ilikuwa inaendelea).

Hilo la miezi 12 watu wengi hulipita haraka. Kama moyoni ushaamua kuacha kazi na unaona sabatiko ndo mlango wa kutokea, jua kwamba huo ni mkopo, sio zawadi. Nilimuuliza wazi, unataka kuacha? Akasema hapana, amechoka tu. Sawa, tukasonga.

Sasa orodha. Neno lenyewe la sabatiko linatoka kwenye sabato ya Waebrania, na ukisoma Mambo ya Walawi sura ya 25 kuna agizo la mwaka wa saba, ardhi iachwe, isipandwe wala mizabibu isikatiwe matawi. Vyuo vikuu walilichukua wazo hilo baadaye sana, Harvard walianza kuwapa maprofesa wao mwaka 1880, halafu kampuni nazo zikafuata, Intel kwa mfano. Ila mzizi ni ule ule, shamba kulazwa. Nikamwambia dada angu, wewe umepewa ulaze shamba na unataka kulipanda mazao 14 kwa msimu mmoja. Akacheka lakini hakufuta kitu. Alisema vyote ni muhimu, amevisubiri miaka kumi.

Hapo ndo tulipokwama siku mbili hivi, maana huwezi kumwambia mtu ndoto yake sio muhimu, hana haja ya kukuelewa. Kilichotutoa ni swali moja tu nililomwambia aulize kila mstari: hiki ningeweza kukifanya Jumamosi nikiwa bado kazini? Kama jibu ni ndio, kitoke kwenye orodha ya sabatiko, kiende kwenye orodha ya Jumamosi. Kisifutwe, kihame tu. Kwa sababu kitu cha pekee unachopewa kwenye likizo ndefu sio muda kwa ujumla, muda vipande vipande unao hata sasa, unachopewa ni muda usiokatika, wiki juu ya wiki bila mtu kukukata katikati, na hicho hutakipata tena labda baada ya miaka mingine kumi. Ukikitumia kupanga picha umekitupa.

Akaanza kupitisha wembe. Mazoezi Jumamosi na asubuhi, yatoke. Vitabu 30 vitoke, picha zitoke, rangi mtu analipwa anapaka siku tatu. Kozi ya data iko mtandaoni, watu wanaifanya usiku baada ya kazi, itoke. Kuogelea na gitaa alivibishia sana ila navyo vikatoka, saa moja ya mazoezi ya gitaa haihitaji ruhusa ya bosi. Masters ikatoka kwa sababu nyingine, aliyoitaka ni ya mwaka mzima na zaidi, haiingii kwenye miezi sita hata uisukume na bega. Kitabu nilidhani kitabaki, maana uandishi unataka utulivu, ila nilipomuuliza kitahusu nini alikaa kimya muda mrefu halafu akasema "sijui, nilitaka tu niwe nimeandika kitabu". Kikatoka bila ugomvi.

Vikabaki vinne. Kukaa na baba, Kifaransa, safari, na kupumzika.

Hesabu ikaanza. Miezi sita ni wiki 26, siku 182. Inaonekana bahari mpaka uanze kuigawa. Kifaransa alitaka "kiwe fasaha". Taasisi ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani inayofundisha mabalozi wao lugha imewahi kukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki kati ya 24 na 30 za darasani kwa lugha za kundi la Kifaransa, saa 600 mpaka 750, wanafunzi wakiwa kwenye hiyo kazi tu kutwa nzima (na kwa taarifa tu, Kiswahili walikiwekea wiki 36, saa 900, kwahiyo wewe unayesoma hapa una saa 900 za mwanadiplomasia kichwani bure kabisa). Sasa yeye kozi aliyoipata ni wiki 12, saa 25 kwa wiki, jumla 300. Nusu ya makadirio ya chini. Ufasaha basi ukatoka, tukaweka lengo la B1 kwenye ile ngazi ya Ulaya ya A1 mpaka C2, maana hakuwa anaanza sifuri, alisoma kidogo shuleni. B1 ni mtu anayeweza kujieleza safarini, kusimulia kilichomtokea, kuuliza akipotea. Sio haba.

Na hii Kifaransa ilipita mtihani wa Jumamosi vizuri tu, maana alishajaribu mara mbili kusoma jioni baada ya kazi na mara zote mbili aliishia mwezi wa pili, anafika darasani kichwa kimejaa mizania.

Kuhusu makadirio nikamkumbusha na kitu kingine. Kuna utafiti wa Buehler na wenzake wa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wanaomaliza chuo watamaliza lini tasnifu zao, wakajibu kwa wastani siku 33.9, wakamaliza kwa siku 55.5. Zaidi ya mara moja na nusu, na hao walikuwa watu wanaoijua kazi yao vizuri. Kwahiyo nikasema tuweke wiki mbili tupu ambazo hazina jina, za kumeza kitakachomwagika. Aliziita wiki za uvivu. Nikamwambia ziite vyovyote ila zisiguswe.

Tukabishana zaidi kwenye mpangilio. Yeye aliweka baba mwishoni, wiki sita za mwisho, kama tamutamu ya kumalizia. Baba yake ana miaka 78, anaishi mbali naye, mzima wa afya, na alitaka wakae amsimulie mambo ya zamani huku anarekodi kwenye simu. Mimi nikasema hapana, hicho ndo kiwe cha kwanza baada ya kupumzika. Darasa la Kifaransa linaanza upya kila baada ya miezi mitatu, ukilikosa hili kuna lingine, safari inaahirishwa, ila mzee wa miaka 78 huwezi kumpangia foleni. Alikasirika kidogo, akaona namtabiria baba yake mabaya. Simlaumu, labda ningelisema kwa upole zaidi. Siku ya pili yake akaleta karatasi mpya mwenyewe: wiki ya 1 mpaka 3 hakuna kitu, ya 4 mpaka 9 baba, ya 10 tupu, ya 11 mpaka 22 darasa, 23 na 24 safari nchi moja inayoongea Kifaransa badala ya nchi tano, 25 tupu, 26 kujiandaa kurudi.

Zile wiki tatu za mwanzo hakuzipenda kabisa. "Wiki tatu nalala?" Ndio, unalala. Watafiti wa Uholanzi, Jessica de Bloom na wenzake, waliwafuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa kwenye likizo ya wastani wa siku 23, utafiti ulitoka 2013, wakaona afya na hali ya moyo zinapanda na kufika kilele siku ya nane. Yaani mtu aliyechoka anahitaji wiki nzima tu kufika juu, na hao ni wa likizo ya kawaida, sio mtu mwenye uchovu wa miaka kumi mgongoni. Ukimpeleka mtu huyo darasani Jumatatu ya kwanza atakaa kama gunia.

Ila sitaki nieleweke kwamba likizo yote iachwe wazi, hapo pia kuna shimo. Stefan Sagmeister, yule mbunifu wa michoro wa New York aliyekuwa na mtindo wa kufunga studio yake mwaka mzima kila baada ya miaka saba, alisimulia mwaka 2009 kwamba sabatiko yake ya kwanza alianza bila plani yoyote akidhani uwazi ndo utaleta mawazo, akajikuta anafanya vikazi vidogo vya kujibu maombi ya watu, amekuwa msaidizi wa ofisi yake mwenyewe. Ikabidi aandike mambo anayoyataka na ayapangie saa kama ratiba ya shule ya msingi ndo mambo yakakaa sawa. Kwahiyo tupu iwe na mwanzo na mwisho wake kwenye kalenda, ukishaujua mwisho wake unalala kwa amani.

Eneo la watu tulilipita haraka na hapo tulikosea, nalisema kabisa. Mimi niliandika mstari mmoja tu, "waambie ndugu kwamba hauko free", na ukweli huo ulikuwa mstari wa kuandikwa ukurasa mzima. Maana mtu akijulikana yuko nyumbani na analipwa, anageuka kuwa mali ya ukoo. Wiki ya pili tu simu zikaanza. Nani atampeleka shangazi kliniki, si wewe upo. Nani atasimamia fundi, si wewe upo. Mtoto wa kaka anahitaji mtu wa kufuatilia vyeti vyake, si wewe upo tu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya, na kila ombi peke yake ni nusu siku, ila alipohesabu baadaye kwa mwezi wa kwanza aligundua siku tisa za kazi zimekwenda hivyo. Siku tisa! Kwa mhasibu mwenye daftari lake hiyo ni karibu wiki mbili.

Dawa aliyoipata mwenyewe, sio mimi. Alichagua siku moja, Alhamisi, akawatangazia kwenye grupu la familia kwamba Alhamisi ni yenu, mniombe chochote, siku nyingine nina kazi. Neno "kazi" ndo lilifanya maajabu, alipokuwa anasema "napumzika" hakuna aliyesikia. Kuna walionuna. Wakazoea.

Kwa upande wa ofisi plani ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Makabidhiano wiki nne kabla, kila ripoti ina mtu wake, imeili zinajibiwa na ujumbe wa kujiendesha unaotaja nani wa kumwona. Nilimpa mfano wa Daimler, ile kampuni ya magari ya Ujerumani, ambao mwaka 2014 walieleza utaratibu wao kwamba mfanyakazi akiwa likizo imeili inayoingia inaweza kufutwa yenyewe na aliyetuma anaambiwa amtafute mwingine, ili mtu akirudi akute sanduku tupu. Bosi wake hakufika huko lakini alikubali kwamba cha zamani hakisomwi, akirudi anaanza na cha siku hiyo.

Halafu wiki ya tano, yuko kwa baba, simu ya ofisi. Kuna ripoti ya robo mwaka ambayo mafomula yake alijitengenezea mwenyewe miaka sita iliyopita, kila mtu anajua inatoka, hakuna anayejua inatokaje. Kwenye makabidhiano aliandika "ripoti ya robo, faili liko kwenye folda". Basi. Akakaa siku tatu na laptopu kwenye meza ya baba yake huku mzee anachungulia anauliza "ndo likizo yenyewe hii?". Somo la hapo ni dogo na la kiufundi: makabidhiano hayajakamilika mpaka yule anayekabidhiwa ameifanya kazi hiyo mara moja peke yake wakati wewe bado upo jengo hilo hilo na umekatazwa kusaidia. Kusoma maelezo hakuhesabiki.

Siku hizo tatu pamoja na nne za kutulia tena zilimezwa na wiki ya 10, ile ya uvivu. Hakuniita kunishukuru lakini alituma picha ya kalenda na alama ya mkono.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwenye mambo haya kwa sababu unahusu sabatiko zenyewe sio likizo za wiki mbili, Davidson na wenzake, ulichapishwa 2010, walichukua wahadhiri 129 waliokuwa sabatiko na wengine 129 wanaofanana nao waliobaki kazini, wa Israeli, Marekani na New Zealand. Waliokwenda stresi ilishuka na hali ikawa nzuri zaidi, hilo linatarajiwa, ila ndani yao waliofaidi zaidi ni wale waliojitenga kweli na kazi, waliokuwa na usemi juu ya muda wao na waliokaa nchi nyingine. Ukiangalia kisa chetu, siku tisa za shangazi na fundi zilimnyima usemi, siku tatu za ripoti zilimnyima kujitenga. Na kwa nini kwenda mbali kunasaidia naona hakuna siri kubwa, ukiwa mbali hakuna wa kukwambia si wewe upo.

Darasa alilimaliza. Katika saa 300 alihudhuria kama 270, wiki moja aliumwa. Mwisho alifanya mtihani wa B1 akapita kwa alama za kukwaruza, na kwenye safari alipotea kituo cha treni akauliza njia akaelekezwa akafika, alinipigia simu kwa hilo kuliko alivyonipigia kwa mtihani. Rekodi za baba ziko saa 31, hajazisikiliza tena na sijamuuliza atazifanyia nini. Mimi nilimshauri aandike daftari kila jioni kwenye miezi yote sita, akaandika siku nne akaacha, akasema linamfanya ajisikie anaandaliwa ukaguzi. Ushauri mbovu kwa mhasibu, nakiri.

Fedha zilimbana mwezi wa tano. Lile pengo la posho alilipigia hesabu vizuri, kwamba matumizi ya kwenda kazini nayo yatapungua, kilichomponyoka ni kwamba mtu asiyekwenda kazini anatumia kwa namna nyingine, kutwa mzima unatembea na pochi. Aliokolewa na akiba ya miezi miwili aliyoitenga kabla. Bila hiyo safari ingekufa.

Kurudi tulikupangia Jumatano badala ya Jumatatu, ili wiki ya kwanza iwe na siku tatu tu, na bosi akakubali siku hizo zisiwe na vikao. Wale wale watafiti wa Uholanzi waliona kwamba faida ya likizo kwa watu wao ilirudi kiwango cha zamani ndani ya wiki ya kwanza ya kazi, kwahiyo sikumdanganya kwamba atarudi mpya na akae mpya. Kufikia Ijumaa ya pili alikuwa amechoka. Ila alichoka akiwa na Kifaransa na saa 31 za baba yake, na hivyo havifutiki kwa kikao.

Ile orodha ya Jumamosi bado ipo, vitu vyote tulivyovihamishia, ameibandika kwenye friji. Amerudi kazini mwezi wa tatu huu, Jumamosi kumi na moja zimepita, amepaka rangi chumba kimoja. Gitaa amempa mtoto wa kaka yake.